Kalibu na Tofali

Anayetumia kompyuta kila siku huona kuhifadhi kazi kuwa jambo dogo. Unabonyeza, taa ya diski inawaka na kuzimika, unafunga mashine, unakwenda nyumbani. Nami niliamini hivyo mpaka mwaka 2001, nilipokaa siku nne mbele ya faili ambalo lilikuwa zima, halina kasoro hata ya herufi moja, wala halikusomeka.

Faili hilo lilikuwa la chama kidogo cha akiba na mikopo mjini Morogoro. Mwaka 1999, wakati kila mwenye kompyuta alipokuwa akitishwa na habari za mwaka 2000, viongozi wa chama waliniomba niwaandikie programu mpya ya hesabu za wanachama. Nilikuwa kijana, kazi nimejifunza kwa vitabu vya kuazima, na kitabu cha mwisho nilichoazima kilikuwa cha lugha ya Java. Basi nikaandika kwa Java, wala sikuwa na sababu nyingine.

Hapa sina budi kueleza kidogo, na ajuaye ataniwia radhi. Programu za zamani zilitenga habari na taratibu za kuzishughulikia: huku tarakimu, kule amri. Lugha za namna ya Java huviweka pamoja. Mwandishi hutengeneza kwanza kitu mfano wa kalibu ya kufyatulia matofali. Anasema kila tofali litakuwa na nafasi hizi na hizi za kuwekea habari, na litaweza kufanya kazi hizi na hizi. Kisha programu inapoendeshwa hufyatua matofali kwa kalibu hiyo, kumi au elfu, kadiri yanavyohitajika. Wenye kazi hiyo huyaita vitu. Kalibu yangu niliipa jina la Mtu. Kila Mtu alikuwa na namba, jina, akiba, mkopo na wadhamini wawili, tena aliweza kukokotoa riba yake mwenyewe. Lakini angalia jambo moja, maana ndilo kiini cha habari yote hii: ujuzi wa kukokotoa riba haumo ndani ya tofali. Umo kwenye kalibu. Tofali lina habari zake tu, pamoja na alama ya kusema lilitoka kalibu ipi.

Matofali haya huishi katika kumbukumbu ya mashine maadamu programu inaendeshwa. Ikifungwa, au umeme ukikatika, yamekwisha. Kwa hiyo lazima yaandikwe kwenye diski jioni na kufufuliwa asubuhi, na kazi hiyo ilikuwa na ugumu ambao sikuujua. Chukua wadhamini. Mhazini wa chama alikuwa amemdhamini mwalimu fulani, na mwalimu huyo naye alikuwa amemdhamini mhazini. Ukitaka kumwandika mhazini kamili yakupasa uwaandike na wadhamini wake. Ukimwandika mwalimu yakupasa urudi kumwandika mhazini, na hivyo utazunguka mpaka diski ijae. Java ilikuwa na ufumbuzi tayari. Kila kitu kinapoandikwa mara ya kwanza hupewa namba. Kikitajwa tena huandikwa namba ile tu, na njia inasonga mbele. Kazi yote hiyo niliipata kwa mstari mmoja wa amri. Nikaona muujiza, sikuuliza zaidi.

Kwa miaka miwili mambo yalikwenda vizuri. Kisha asubuhi moja jumla ya akiba za chama ikaonekana kuwa deni la shilingi milioni 21 na zaidi. Sababu yake sasa inanichekesha. Nilikuwa nimeweka fedha kwa senti, katika nafasi ya namba ambayo mwisho wake ni 2,147,483,647. Ukigawa kwa mia unapata shilingi 21,474,836 na senti 47. Chama kilikuwa kimekua kupita hapo, na namba ya aina hiyo ikipita mwisho wake hugeuka kuwa hasi. Hakuna aliyeiba. Nikapanua nafasi zote za fedha, pamoja na zile zilizomo ndani ya kalibu yenyewe, na kwa kuwa nilikuwa nimeshaifungua programu, nikabadilisha na jina la kalibu kutoka Mtu kuwa Mwanachama, ambalo niliona lina heshima zaidi. Nikaifunga, nikaiendesha.

Programu ikakataa faili. Ilisema kalibu iitwayo Mtu haikupatikana. Nikarudisha jina la zamani. Ikakataa mara ya pili: namba ya siri ya kalibu iliyomo ndani ya faili hailingani na ya kalibu yangu. Baadaye ndipo nilipojua kuwa Java huipa kila kalibu namba itokanayo na jina lake, nafasi zake na kazi zake, hivi kwamba ukiongeza hata kazi moja ndogo namba inabadilika. Nikailazimisha namba ya zamani. Ikakataa mara ya tatu: nafasi ya akiba katika faili ni nyembamba, katika kalibu ni pana. Nilikuwa na nakala saba za faili katika visahani saba vya diski, zote zikiwa nzima. Programu ya zamani sikuwa nayo hata moja. Nilikuwa nimeandika mpya juu yake.

Mhazini, mama wa makamo aliyekuwa mwanachama namba 1, alifika ofisini saa tatu. Nikamwamkia, akaitikia, akakaa.

"Mwanangu, hesabu za watu ziko wapi?"

"Zimo, Mama. Faili lipo, halikupotea kitu."

"Kama zimo, mbona hazisomeki?"

Sikuwa na jibu. Yeye hakunigombeza. Alifungua mkoba akatoa daftari kubwa lenye jalada gumu, ambalo nilikuwa nimemwambia mwaka mzima uliotangulia aache kupoteza muda nalo. Siku nne zile chama kiliendeshwa kwa daftari hilo. Mtu mmoja alifiwa na mkewe siku ya pili, akaja kuchukua akiba yake kwa ajili ya mazishi, akalipwa mbele yangu kwa kalamu na kidole cha kufuatia mistari, huku mashine ikinguruma pembeni bila faida.

Swali la Mama limekaa nami muda mrefu. Baadaye niligundua kuwa watu wa nchi za mbali walikuwa wamelihangaikia kabla yetu, kila mmoja akiligusa upande mmoja.

Asili ya vitu hivi ni Norway. Miaka ya 1960 Ole-Johan Dahl na Kristen Nygaard, wakiwa katika Kituo cha Kompyuta cha Norway mjini Oslo, walitengeneza lugha ya Simula ili waweze kuigiza mambo ya ulimwengu ndani ya mashine, foleni na mitambo na mengineyo. Toleo la 1967 ndilo lililoleta kalibu na matofali yake kama tunavyoyajua. Lakini kitu cha Simula kilizaliwa na kufa pamoja na programu. Igizo likiisha, waigizaji nao wamekwisha. Kwa kazi yao hapakuwa na haja ya zaidi.

Waliowaza jambo la vitu kuishi muda mrefu walikuwa watu wa Xerox, katika maabara yao ya Palo Alto huko California, miaka ya 1970. Alan Kay, Dan Ingalls, Adele Goldberg na wenzao walitengeneza Smalltalk, lugha ambayo ndani yake kila kitu ni kitu, hata namba, hata kalibu zenyewe. Jibu lao kwa swali la kuhifadhi lilikuwa rahisi hata linashangaza. Hawakuchagua nini cha kuandika. Waliipiga picha kumbukumbu nzima ya mashine, matofali na kalibu pamoja, madirisha yaliyofunguliwa na sentensi iliyoachwa katikati, wakaiweka yote kwenye diski. Kesho yake unafungua, kila kitu kipo pale pale ulipokiacha. Programu na habari zake hazikutenganishwa kamwe, kwa hiyo swali la kalibu kupotea halikuweza kutokea. Nguvu ya njia hiyo inaonekana katika jambo hili: mwaka 1996, Ingalls, Kay na wenzao wakiwa kampuni ya Apple walipotaka kutengeneza Smalltalk mpya waliyoiita Squeak, hawakuanza na ukurasa mweupe. Walichukua picha ya Smalltalk-80 iliyokuwapo Apple wakaendelea kutoka hapo, kama mtu anavyochukua chachu ya unga wa jana kuumulia wa leo.

Nasema njia hiyo ni nzuri, lakini nisingependa kuishi ndani yake. Picha ya dunia nzima huhifadhi na makosa ya dunia nzima. Tena huwezi kumpa jirani tofali moja. Yakupasa umpe nyumba.

Upande wa Uskoti, Malcolm Atkinson wa Edinburgh pamoja na Ron Morrison wa St Andrews na wengine walilishika swali kwa namna nyingine. Walitazama programu zinazotumika maofisini wakaona sehemu kubwa yake haifanyi kazi iliyokusudiwa, bali inahamisha habari tu kutoka kumbukumbu kwenda diski na kurudi. Katika makala yao ya mwaka 1983 walitaja kadirio la asilimia 30 hivi ya programu nzima. Hoja yao ilikuwa kwamba mwandishi hapaswi kujishughulisha na jambo hilo hata kidogo. Kitu kiishi kwa kadiri kinavyohitajika, sekunde au miaka, na kiandikwe kwa namna ile ile. Lugha yao iliitwa PS-algol. Ilifanya kazi, ikazaa nyingine, ila haikuenea nje ya vyuo kama ilivyostahili. Mwaka 1982, huko Marekani, Maurice Herlihy na Barbara Liskov walikuwa wamependekeza jambo ambalo kwangu ndilo lenye busara kuliko yote: kila kalibu yenyewe iseme namna vitu vyake vinavyogeuzwa kuwa vya safari, na namna vinavyorudishwa vikifika. Yaani anayetuma na anayepokea wakubaliane juu ya maana ya kitu. Mambo ya ndani ya kila mmoja si hoja.

Kisha ikaja Java. Mwaka 1996 Roger Riggs, Jim Waldo, Ann Wollrath na Krishna Bharat walieleza katika makala namna vitu vya Java vingeweza kuhifadhiwa na kusafirishwa, na katika kichwa cha makala hiyo walitumia neno la kutia achari. Neno hilo walilikuta; watu wa lugha nyingine walishalitumia, na watu wa Python wanalitumia hadi leo. Mimi nililelewa nyumba yenye chupa za achari ya embe dirishani, na nikaona neno linafaa kuliko wao walivyofikiri. Embe la achari halirudi kuwa embe. Lina harufu yake na umbo lake, lakini hulipandi likaota. Ukitaka mti, unahitaji kokwa, na kokwa imeshatupwa.

Mpango wao uliingia katika toleo la Java la 1.1, lililotoka mwanzoni mwa 1997. Haja kubwa ilikuwa kuziwezesha programu katika mashine mbili kutumiana vitu. Katika haja hiyo mpango unaeleweka: mashine zote mbili zinaendeshwa leo, kalibu wanazo wote wawili, kwa nini waipitishe njiani? Kwa hiyo faili la Java huanza na alama ambayo kwa hesabu ya kumi na sita husomeka AC ED, kisha hufuata jina la kalibu, namba yake, majina ya nafasi na aina zake, kisha habari zenyewe. Kalibu haimo. Kilichomo ni jina lake tu. Mimi nilichukua chombo cha kupeleka ujumbe wa leo nikakifanya sanduku la kuwekea amana za miaka. Kosa lilikuwa langu, ingawa nitasema pia kwamba mstari mmoja wa amri, tena rahisi vile, ulinikaribisha nikosee.

Hilo ndilo jibu ambalo ningempa Mama siku ile kama ningalijua. Hesabu zimo. Lakini anayeweza kuzifufua ni mwenye kalibu, na kalibu niliivunja mwenyewe.

Miaka kadhaa baadaye ikaonekana kwamba jibu hilo lina upande wa pili ulio mbaya zaidi. Kama faili linataja jina la kalibu, na mashine inayopokea inaitafuta kalibu hiyo nyumbani kwake na kufufua kitu, basi anayechagua nini kifufuliwe ni aliyeandika faili. Mwenye mashine hana kauli. Na kufufua si kusoma tu. Baadhi ya kalibu zina kazi zinazofanyika pale pale kitu kinapofufuka. Januari 2015 Chris Frohoff na Gabriel Lawrence walionyesha mbele ya mkutano wa wataalamu wa usalama jinsi ya kupanga vitu halali, vilivyotoka katika maktaba iliyotumiwa na programu nyingi mno, Apache Commons Collections, hivi kwamba kimoja kikifufuka kinakiamsha kingine, nacho kingine, mpaka cha mwisho kinaiamuru mashine kufanya atakalo mshambuliaji. Habari haikuvuma sana. Novemba mwaka huo huo Stephen Breen wa FoxGlove Security akaonyesha kuwa njia hiyo inafungua mifumo mikubwa ya biashara, WebLogic, WebSphere, JBoss na Jenkins, na hapo ndipo watu walipoamka. Mshambuliaji hakuingiza programu yake hata chembe. Alituma habari tu. Kalibu zote alizikuta ndani, zimewekwa na wenye nyumba.

Niliposoma hayo nilinyamaza kitambo. Nilikuwa nimefikiri balaa la njia hii ni kwamba mfu anaweza kukataa kufufuka. Sikuwahi kufikiri juu ya mfu asiyealikwa.

Toleo la 9 la Java, mwaka 2017, lililetwa likiwa na kichujio cha kumwezesha mwenye programu kutaja kalibu anazozikubali. Mwaka 2018 Mark Reinhold, mkuu wa usanifu wa Java, alikiri hadharani kwamba kuiweka njia ile mwaka 1997 lilikuwa kosa. Siku hizi wengi huandika habari kwa maandishi ya kawaida, hasa kwa mtindo wa JSON ambao Douglas Crockford aliupa sura mwanzoni mwa miaka ya 2000. Humo mna majina na thamani basi, wala hakuna kalibu inayotajwa. Anayepokea husoma, hupima, na kama ameridhika hufyatua matofali yake mwenyewe kwa kalibu yake mwenyewe. Ni kazi zaidi kwa mwandishi, na zile asilimia 30 za Atkinson zinarudi mlangoni.

Nisiache hadithi ya Morogoro katikati. Faili lilisomeka siku ya nne. Leo najua ilikuwa kazi ya saa moja kwa mwenye ujuzi. Nililifungua kwa programu ya kawaida ya maandishi, na katikati ya alama zisizosomeka nikayaona majina ya nafasi nilizokuwa nimezibuni mwenyewe: jina, namba, akiba, mkopo. Faili lenyewe lilikuwa limeitunza ramani ya kalibu iliyolifyatua. Nikaandika Mtu upya kwa kuifuata, nafasi nyembamba kama zilivyokuwa, nikafufua wote, na kabla ya kufanya lolote nikawaandika kwa maandishi ya kawaida, mstari mmoja kwa kila mwanachama, na mahali pa mdhamini nikaweka namba yake. Kisha mimi na Mama tukakaa na daftari tukalinganisha mstari kwa mstari. Tofauti zilikuwa mbili, na zote mbili makosa yalikuwa ya mashine, yaani yangu: watu wawili ambao fedha zao niliwahi kuziingiza mara moja badala ya mbili. Daftari halikukosea hata mahali pamoja.

Faili la zamani sikulifuta. Limehama nami kutoka kisahani kwenda diski, kutoka diski kwenda mashine nyingine, mara tano au sita. Mwaka jana nikataka kujua kama lingefunguka bado. Java ya siku hizi ikanipa jibu lile lile la kwanza, kwamba Mtu hakupatikana. Nikaandika kalibu kwa mara ya tatu, mistari isiyozidi ishirini, nikaipa namba yake ya zamani.

Wa kwanza kutoka alikuwa Mama, mwanachama namba 1. Baada yake hakutoka namba 2, maana kuandika kulifuata wadhamini: akatoka mwalimu, kisha mdhamini wa mwalimu, kisha wa huyo, mmoja akimvuta mwingine, karibu chama kizima kikipitia mlango wake. Mama alifariki mwaka 2009. Akiba yake ilisomeka kwa senti, katika nafasi ile ile nyembamba.